Mbegu za Kupanda

Kila mwaka boga la kwanza la uani likipasuliwa, mbegu nono zilipakwa majivu na kutundikwa juu ya meko kungoja mvua. Zilizobaki ndizo zilizokaangwa. Safari hii Bi Salha aliinua macho asione kitu.

"Za kupanda umeziweka wapi, mwanangu?"

"Nimezikaanga zote, mama," alijibu Raziki, mke wa mwanawe, bila kugeuka.

Bi Salha akachungulia kikaangoni. Mbegu zote mle zilikuwa nyembamba. Ndipo akaona fundo kubwa kama ngumi kwenye pindo la kanga ya Raziki, likidondosha majivu kila alipokoroga.

"Huko uendako," akasema taratibu, "usizipande kivulini."

Mwiko ukasimama. Mbegu zikaanza kuungua.