Binti Mchunga Mawingu

Mumewe aliacha kutafuna bisi, mdomo wazi, kama kapigwa picha. Mke hakuhitaji kuangalia kule mbele. Alijua yule binti kashatokea.

Ni filamu ya watoto, ya zamani kweli, ya kabinti kanakochunga mawingu kwa fimbo. Mchana huo ukumbi wa sinema ulikuwa unairudia, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Mke alitoka bekari mapema, akanawa unga, akavaa gauni la maua, akajipulizia manukato. Alitaka kitu kimoja tu: leo mumewe amwangalie yeye. Wapi.

"Cheki anavyocheka," mume alinong'ona. "Huyu nilimpenda kabla hata sijakujua wewe."

"Najua. Unanikumbusha kila siku."

Na hakuwa anatania. Picha ya yule binti, iliyokatwa gazetini, ilikuwa kwenye pochi yake tangu wakati wa uchumba, pembe zimelika zote. Ya mkewe? Hata ile ndogo ya kitambulisho hakuwa nayo.

Mama mmoja wa kiti cha pembeni, aliyepakata mtoto, naye akadakia. "Jamani, kitoto kizuri hiki. Ona mawingu yanavyomfuata."

"Pamba tu ile," mke alisema. "Tena inawasha."

"Haya dada, mbona unamwonea wivu mtoto?"

Mume akacheka. Mke akakunja mikono juu ya tumbo lake, akanuna. Wivu, ndiyo, alikuwa nao. Kiuno kama kijiti, meno yote yapo, sauti kama kengele, na watu wazima na akili zao wanalia kakijikwaa. Yeye akianguka bekari, wanauliza kama mikate imepona.

Ndiyo maana alipenda vitabu kuliko filamu. Vile vitabu vilivyozaa hii filamu alivisoma mpaka kurasa zikaanza kuchomoka. Kule binti anakua. Anaolewa, ananenepa, magoti yanamuuma, na mawingu bado yanamfuata vilevile. Lakini nani anavisoma? Filamu inaishia akiwa mdogo, na watu wamemgandisha palepale.

Taa zikawaka. Makofi yakapigwa mpaka mtoto wa yule mama akashtuka usingizini. Meneja wa ukumbi akapanda jukwaani na kipaza sauti.

"Tulieni, tulieni. Leo tuna zawadi. Yule binti mwenyewe tunaye humu ndani. Tunamwomba asimame tumwone."

Ukumbi mzima ukageuza shingo. Mume naye akageuka, macho yanang'aa, akamshika mkewe kiwiko.

"Simama, mke wangu. Mimi ndiye niliyewaambia."

Akasimama taratibu, akilinyoosha gauni.

"We mama, kaa chini bwana," mtu wa nyuma alimwambia. "Unatuziba, tunataka kumwona."