Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Ripoti iliwataka wakulima wa Usangu watupe mbegu zao za mpunga, na ushahidi wake ulikuwa makala moja tu ya jarida. Ilibaki saini ya Waridi. Moyo wake ulikataa.

Alilitoa jarida rafuni, akalipuliza vumbi.

"Makala hii umeisoma, ndugu?" alimuuliza mtafiti mwenzake aliyeiandika ripoti.

"Humu humu maktabani, dada, neno kwa neno. Marejeo si nimeyaandika kamili? Mwandishi, mwaka, toleo, ukurasa wa arobaini na tatu. Unataka nini tena?"

Waridi alipitisha kidole ukingoni. Kuanzia ukurasa wa arobaini karatasi zilikuwa bado zimeshikana kwenye mikunjo, kama zilivyotoka kiwanda cha uchapaji. Hakuna aliyewahi kuzikata ili asome yaliyo ndani.

Akamsogezea wembe.

"Basi nifungulie, na mimi nisome."