Ngoma ya Bi Kuruthumu

Wimbo wa taifa wa wageni ulipoanza, jukwaa zima lilipiga miluzi.

“Piga ngoma, Bi Kuruthumu, wasisikike,” alisema Shomvi, kiongozi wa washangiliaji.

Bi Kuruthumu akalaza viganja vyake juu ya ngozi ya ngoma. “Wetu ulipoimbwa, kipa wao alivua kofia. Waacheni wamalize, kisha tuwafunge.”

“Kumbe umehamia kwao?”

“Nimevaa bendera hii tangu wewe hujaota meno, baba.”

“Basi lete ngoma. Kuanzia leo atapiga mwingine.”

“Njoo uichukue.”

Akaikumbatia kifuani. Mikono ikamnyookea kutoka kila upande. Kule uwanjani wageni waliendelea kuimba, naye akahisi ngozi ya ngoma ikitetemeka kwa sauti zao.