Sarafu Iliyobaki Nyeusi

Bi Mwanaisha alimimina sarafu tisa za Kanada mezani kwa Shaibu, sonara. Zilikuwa za fedha, marehemu mumewe alipewa na wageni aliokuwa akiwapikia. Zilimeremeta. Alikuwa ameshinda siku nzima akizisugua kwa jivu na limau, maana yeye hampelekei mtu kitu kichafu.

Shaibu alizitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia, akashusha pumzi.

"Bibi, ungeziacha na weusi wake. Wakusanyaji wa sarafu za kale hawazitaki zikishasuguliwa. Nitakulipa uzito wa fedha tu."

"Haya, mwanangu. Nitapata mabati ya chumba kimoja." Akafungua fundo la kanga, akatoa ya kumi, nyeusi kama chungu. "Na hii ichukue bure. Niliona haya kuitoa, malimau yaliniishia."

Shaibu aliigeuza. Huku mfalme, huku watu wawili wakipiga makasia. Akausoma mwaka, akausoma tena. Dukani walikuwa wawili tu.

Akairudisha kiganjani mwa yule mama.

"Mwaka ulioandikwa hapa, zilitengenezwa chache mno. Hii peke yake inaezeka nyumba nzima, Bibi. Ishike ukingoni, na usiifute."

"Ungenyamaza, mwanangu, mimi ningejuaje?"

Shaibu alikuwa ameshainamia mizani, anapima zile tisa.

Bi Mwanaisha alitaka kumshukuru. Machozi yakamjaa, na la kwanza lilipoanza kuteremka shavuni, akausogeza mkono wenye sarafu mbali na uso wake, isije ikalowa.