Damu ya Nassibu

Hadubini ya shule ilikaa juu ya meza ya kulia, pembeni ya sahani ya wali ambao Amira hakuugusa. Mkuu wa shule alimruhusu kukaa nayo nyumbani mpaka eda iishe, ili wasichana wa kidato cha tatu wasikose masomo. Walikuja kila alasiri pale ghorofani, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, wakavua viatu mlangoni na kutoa shikamoo kwa sauti za chini, kama watu wanaoingia kwa mgonjwa.

Amira hakuwa mgonjwa. Alikuwa hahisi kitu tu. Tangu mafuriko ya Jangwani yamchukue mumewe, Nassibu, alikuwa anaoga, anafundisha, analala, basi. Watu walisubiri alie hadi wakachoka kusubiri.

"Hii ni damu ya mtu," aliwaambia siku hiyo. Alikuwa ameitoa kidoleni mwake mwenyewe, akajichoma sindano na hata uso hakuukunja. "Seli zetu nyekundu zikikomaa huondoa kiini, zipate nafasi kubwa ya kubebea oksijeni. Klara, unaona kitu chochote katikati?"

"Hapana, Mwalimu. Pamepauka tu."

"Haya, sasa weka ya kuku."

Klara alikuwa ameipitia kwa wachinja kuku wa Kariakoo, ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Akatia tone la rangi ya buluu, akachungulia, akacheka. "Za kuku zina vidoa! Kila moja na kidoa chake katikati!"

"Ndicho kiini. Seli nyekundu za ndege huwa nacho, zetu hazina. Kwenye mtihani msichanganye."

Wasichana walipoondoka, nyumba ikawa kimya tena. Jikoni mama mkwe wake, Bi Mgeni, alikuwa anakanda unga. Amira alifungua kabati, akatoa shati.

Aliyelileta ni Uwesu, ambaye alikuwa akiuza viatu na Nassibu kule Mchikichini. Alisema amelikuta limenasa kwenye nguzo ya daraja, juu ya maji, kifua chote damu. Mwili haukupatikana. Sheikh alisita, akashauri watu wavute subira kwanza, lakini Bi Mgeni hakutaka kusikia. "Mwanangu amekufa," alisema mbele ya wote. "Mwacheni mkewe akae eda, amalize, aendelee na maisha yake. Bado kijana huyu." Majirani walimsifu kwa moyo ule. Mama mkwe gani humwazia hivyo mke wa mwanawe?

Na kweli alikuwa mwema. Alihamia pale moja kwa moja, akapika, akafua, akapokea wageni. Kitu kimoja tu walibishania, nacho ni shati. Bi Mgeni alitaka lichomwe moto, akisema kukaa nalo ni kujitesa bure. Amira alikataa. Hakuwa na kaburi. Alichobakiwa nacho ni hicho kitambaa.

Sasa alichukua mkasi, akakata kipande kidogo kifuani, akakiloweka kwenye maji ya chumvi. Hakuwa na shaka na mtu. Alitaka kumwona mumewe, hata kama kuonana kwenyewe ni kwa vijiduara vilivyopauka katikati. Pengine akiviona, hicho kilichomkaba kifuani kingeachia, naye alie kama wajane wengine. Aliogopa kwamba asipolia sasa hatalia tena maishani.

Akadondosha maji yale kwenye kioo kipya, akatia rangi, akainama. Akazungusha skrubu polepole mpaka ukungu ukaondoka.

Seli zilikuwa zimekunjamana kwa kukauka, lakini zilionekana. Katikati ya kila moja palikuwa na kidoa cha buluu.

Alifikiri amekosea kioo. Akageuka kukitafuta cha Klara: kilikuwa palepale dirishani, kinakauka. Akafuta lenzi kwa upindo wa kanga, akaandaa tone jingine, akatazama tena. Vidoa vilikuwepo, kila seli na chake. Bado hakuhisi kitu.

Alipoinua kichwa, Bi Mgeni alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono yote unga. Alilitazama shati lililokatwa, kisha hadubini. Kuta za nyumba ile ni nyembamba, na somo la leo alikuwa amelisikia lote. Wala hakuuliza Amira ameona nini. Alivuta kiti, akakaa.

"Mimi nilimwambia, mwanangu," alisema. "Nilimwambia akupe talaka tu."