Mkono wa Aikaruwa

Kibo ilikuwa imerudishiwa theluji yake, na sheria ya mlimani ilikuwa moja: mpimaji akitangaza kuwa mteremko ni salama, mwenzi wake wa ndoa ndiye huvuka wa kwanza. Aikaruwa alikuwa amevuka mara nyingi kwa neno la mumewe, Mringi. Asubuhi hiyo alichoma theluji kwa fimbo. Juu ilikuwa ngumu. Chini ilimwagika kama sukari, dalili ya theluji inayoweza kuporomoka.

"Baba Elisante, umepima kweli?"

"Nimepima. Vuka, wapandaji wanangoja."

Alipokanyaga, mteremko uliguna chini ya mguu wake. Akaurudisha upesi.

"Basi nishike mkono, mume wangu, tuvuke pamoja."

Mringi aliutazama ule mkono, kisha akarudi nyuma.