Mgeni wa Kipindi cha Shukrani

Msusi alisimamisha kitana katikati ya nywele. "Yaani unakwenda kuonana na mwanamume, na mumeo hajui?"

"Hajui," mteja alijibu, macho kwenye kioo. "Ndiyo maana nataka unisuke vizuri."

Mteja huyo alikuwa fundi cherehani. Mwaka mzima alikuwa akishona sare za shule huku sikio moja lina spika ndogo ya masikioni, akifuatilia podikasti ya mahojiano. Kila wiki aliletwa mtu aliyeanguka akainuka: nesi aliyefungua zahanati baada ya nyumba yake kuungua, mzee aliyejifunza kusoma pamoja na wajukuu zake. Wageni walikuwa wazuri, fundi alimweleza msusi, ila kilichomnasa ni mtangazaji. Hamkatizi mtu. Mgeni akinyamaza, naye hunyamaza, kisha huuliza taratibu, "Hapo moyo wako ulisemaje?" Mara ya kwanza kumsikia akiuliza hivyo, fundi alijikuta ameshona mkono wa shati kwenye kola.

Msusi alitaka kujua kama nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Fundi akacheka kidogo. Mumewe ni mtu mwema, alisema, lakini kazini anashinda na watu, akirudi masikio yameshajaa. Juzi tu fundi alimwambia kwamba amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, kwamba ile karakana aliyoianza na cherehani moja ya kuazima sasa ina nne. Mume akasema hongera, kisha akauliza rimoti iko wapi.

Basi podikasti ilipotangaza kipindi cha kuwashukuru wasikilizaji, kwamba mmoja wao atakaa kwenye kiti cha mgeni, fundi alituma maombi kwa jina lake la usichana. Mtayarishaji akampigia simu: amechaguliwa, na mtangazaji hatamjua mgeni wake mpaka wakutane mezani.

"Na huyo mtangazaji ana mke?" msusi aliuliza.

"Anaye."

"Masikini, dada wa watu."

"Mvumilivu sana, kwa ninavyomjua."

Msusi akaguna. Hata hivyo alimaliza zile nywele kwa makini kuliko siku zote, na hakumruhusu atoke bila kupaka rangi ya mdomo.

Studio ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa sifongo nyeusi, feni imezimwa isilete kelele. Fundi alisimama mlangoni, akafikiria kurudi nyumbani. Mtayarishaji alishamvutia kiti. Akaketi.

Mtangazaji alikuwa ameinamia vitufe vya mitambo yake. Taa nyekundu ikawaka, akaanza kwa sauti ile ile ya upole: leo ni zamu ya ninyi mnaotusikiliza, maana bila masikio yenu sisi ni watu wa kuongea peke yetu, na hapa mbele yangu yuko mmoja wenu.

Akainua kichwa. Tabasamu likamkwama usoni.

"Mama watoto," alinong'ona, "umefuata funguo?"

"Nimekuja kuhojiwa, baba watoto," alisema fundi, akiisogeza maikrofoni karibu. "Uliza."